Mpaka Ukoo Usikie

Sabaha aliinusa ile kanda kabla ya kuigusa. Aliinama juu ya meza, pua karibu na gurudumu lenye ukubwa wa sahani ya wali, kama mwanamke anayekagua samaki soko la Feri, kisha akakunja uso.

"Inanuka nta," alisema. "Nta na soksi za askari. Mama, hii ilikaa wapi?"

"Uvunguni," Candida alijibu. "Kwenye sanduku la bati. Marehemu hakutaka iguswe."

"Uvungu wa Kariakoo! Joto juu, unyevu chini, na bomba la choo cha jirani katikati." Alicheka, lakini alipoona mwenzake hacheki akaacha. "Samahani, mama. Nimezoea kuongea na mashine."

Chumba chake kilikuwa ghorofa ya tatu, Mchafukoge, juu ya duka la vitambaa vya mapazia. Zamani Sabaha alikuwa fundi mitambo wa redio. Siku hizi alitafuta kanda za bendi za zamani, akazifufua, na kuzipeleka kwa kampuni moja ya Ulaya iliyokuwa ikitengeneza santuri. Watu wa huko, alisema, walikuwa wamerudi kwenye santuri kama watu wanavyorudi kwa mke wa kwanza.

Kanda yenyewe ilikuwa na nyimbo mbili za bendi ya Sikukuu Jazz. Onesphory, mume wa Candida, alipuliza saksafoni kwenye bendi hiyo miaka yake yote ya ujana. Alisimama nyuma ya waimbaji, akapuliza, akafuta jasho, akarudi nyumbani. Aliimba mwenyewe wimbo mmoja tu, huo uliokuwa wa kwanza kwenye kanda. Wa pili ulikuwa wa saksafoni tupu. Kabla hata wimbo haujapelekwa redioni bendi ilivunjika. Wenzake waligawana vyombo, yeye akaomba kanda mama, ile iliyotoka studio yenyewe. Nakala nyingine haikuwepo.

"Nitamsikia leo?" Candida aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama maji yanatoka. Lakini tangu wamzike Onesphory hilo ndilo alilolala nalo na kuamka nalo. Ugonjwa wa koo ulikuwa umemkaba mume wake, madaktari wakalitoa koromeo lote ili aishi, akaishi miaka miwili bila sauti. Akitaka maji aligonga kikombe. Akitaka mke wake aligonga kikombe mara mbili. Alipokufa, Candida aligundua jambo lililomtisha kuliko kaburi: maneno ya mume wake aliyakumbuka yote, utani wake, hasira zake, lakini kichwani yalikuja kwa sauti yake mwenyewe Candida. Ya Onesphory ilikuwa imefutika.

"Siyo leo," Sabaha alisema. Aligusa ukingo wa kanda kwa ncha ya kidole, kidole kikanata. "Unaona? Gundi yake imekunywa unyevu. Sauti imo kwenye huu unga wa kahawia uliogandishwa juu ya plastiki. Gundi ikilegea, unga hauna pa kushika. Lazima kwanza niikaushe kwenye kabati la moto mdogo, taratibu, kama unakausha maembe. Ikishakauka naipiga mara moja, naichukua sauti."

"Na ukiipiga hivi hivi?"

"Itaimba. Lakini itaimba huku inajichuna ngozi. Na unga ukishabanduka, mama, hakuna daktari."

Kisha, labda kwa kuona jinsi mama huyu alivyokuwa ameshikilia ukingo wa meza, akamweleza yaliyobaki. Kwamba kiwandani wana sahani laini iliyopakwa rangi, na sindano inayotetemeka kwa sauti huichora mfereji mmoja mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Kwamba sahani ile hutumbukizwa kwenye dawa mpaka ivae koti la madini, koti likabanduliwa, nalo ndilo linalozaa muhuri wa chuma. Muhuri mmoja huwekwa juu, mwingine chini, katikati donge la plastiki la moto, mashine ikabana kama mtu anavyobana chapati.

"Inatoka santuri. Na nyingine. Na nyingine. Mamia."

"Kwa hiyo atakuwa mle kwenye mfereji."

"Atakuwa mle. Sindano ikipita, anatoka." Sabaha akafunika kanda kwa kitambaa. "Niachie, mama. Leo hii hii. Kila siku inayokaa huko kwako inaoza."

Nje bajaji zilikuwa zikipigiana honi.

"Shemeji alisema nije kuuliza tu. Alisema nirudi nayo."

"Mwenye kanda ni nani, wewe au shemeji yako?"

"Nakaa kwake," Candida alisema, akaifunga kanda ndani ya khanga.

* * *

Ghorofa la Benedict lilikuwa Mtaa wa Mchikichi. Chini duka la jumla la vyombo vya plastiki, juu yake nyumba ya Benedict, na juu kabisa, karibu na matanki ya maji, chumba alichowapa kaka yake na mke wake ugonjwa ulipoanza. Aliwapa kwa moyo mmoja, hakuna aliyeweza kukana. Lakini anayekaa kwa mtu hata kikohozi hukikohoa kwa adabu, na Candida alikuwa amejifunza kupanda zile ngazi bila viatu kulia.

Alimkuta dukani, wateja wamejaa.

"Shemeji, subiri hapo," Benedict alisema bila kumtazama.

Akasubiri, amesimama kati ya ndoo na mabeseni, kanda ikiwa kifuani. Mama mmoja wa Buguruni aliyekuja kuchukua mzigo akamgusa bega. "Dada, hiyo sahani unauza?" Wavulana wa kubeba mizigo wakacheka. Candida akasema haiuzwi. "Sasa mbona umeikumbatia mlangoni?" mama yule akasema, akaendelea na mambo yake.

Wateja walipopungua Benedict akaja, akaifungua khanga, akaitazama kanda.

"Hukuwaachia?"

"Sikuwaachia."

"Vizuri sana." Akaichukua, akaiweka kwenye kabati la chuma nyuma ya kaunta, akafunga, ufunguo ukarudi mfukoni mwake. Ilikuwa imefanyika haraka, kama mtu anayepokea chenji. "Jumapili tunaanua matanga. Unaujua ukoo wetu, shemeji. Kitu cha marehemu hakitoki nje ya nyumba mpaka ukoo ukione. Baba alipokufa liliwekwa uani hata shoka lililokatika mpini."

"Iwekwe basi, waione. Halafu niipeleke."

"Kanda inaonwa kwa macho?" Benedict akatabasamu. "Ng'ombe huonwa kwa macho, pombe ya mbege huonwa kwa ulimi. Kanda huonwa kwa masikio."

"Fundi amesema ikipigwa kabla haijakaushwa itaharibika."

"Fundi wa hao hao wanaoitaka. Hujiulizi? Tusiisikie, tusijue kilichomo, tuwape. Tukubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbuzi wetu wenyewe."

"Bene," Candida alisema. Ilikuwa nadra kumwita hivyo. "Naomba. Hiyo ndiyo sauti yake yote iliyobaki."

Benedict akatazama mlangoni kama kuna mteja. Hapakuwa na mtu. Aliposema tena, sauti ya mwenye duka ilikuwa imemtoka.

"Jina langu limo mle. Unalijua hilo? Kaka aliniambia. Mwisho wa wimbo anataja watu, na mimi kanitaja. Nilikuwa kidato cha pili, ada analipa yeye kwa hiyo hiyo saksafoni. Nikawatambia wenzangu bwenini, ngojeni mtasikia. Kila Jumamosi tunakaa na redio. Wimbo hautoki. Wakaniita Benedict Redio mpaka namaliza shule." Akacheka kidogo. "Redio. Kuna mtu bado ananiita hivyo, ana duka hapo Mtaa wa Swahili."

"Utalisikia. Ikishakaushwa utalisikia hata kwenye santuri."

"Na Jumapili niwaambie wazee nini? Wametoka Rombo kuja kuona mali ya ndugu yao, niwaambie imekwenda kuchomwa kwenye oveni?"

Mteja akaingia akiuliza majagi. Benedict akageuka, na sauti ya mwenye duka ikarudi mahali pake.

* * *

Jumapili baada ya misa walijaa sebuleni kwa Benedict. Mbege ilikuwa kwenye ndoo mpya zenye vifuniko, bado zina karatasi za bei. Vitu vya Onesphory vilipangwa kwenye mkeka: suti ya kahawia, viatu, saa, rozari, saksafoni iliyopasuka mdomo. Violeth, dada yao, ndiye aliyekuwa katibu wa kikao, miwani puani, kalamu mkononi. Na juu ya meza ya chakula palikaa mashine kubwa ya kupigia kanda, ya mzee Sadalla.

Sadalla alikuwa mpiga gitaa la besi wa Sikukuu Jazz, mtu wa Lindi, wa mwisho aliyebaki kati yao. Mashine yake alikuwa ameileta kwa mkokoteni, yeye mwenyewe akitembea pembeni mkono juu yake kama anayesindikiza mgonjwa. Candida alimvizia ukumbini kabla hajaingia.

"Kaka Sadalla, fundi amesema isipigwe."

"Sabaha?" Sadalla akakohoa kicheko. "Hizi kanda nimezipiga Sabaha hajaota meno. Mafundi wa siku hizi wasipokutisha hawali, shemeji."

"Inanata. Mwenyewe nimeona."

"Hata mimi nanata, nina miaka sabini na ushee. Bado napigika." Akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa moto. "Shemeji, Oni alikuwa kama pacha wangu. Huu wimbo nilipiga besi, sijausikia tangu siku ile. Unadhani ningetaka uharibike?"

Candida akampisha mtu anayetaka kile kile anachokitaka yeye.

Kikao kilipofunguliwa kwa sala, aliomba kusema. Benedict akamruhusu, mbele ya wazee hakuwa mtu wa kumkatalia mjane. Candida akampigia Sabaha, akaweka spika, akaiinua simu juu.

"Shikamooni wazee wangu," sauti ya Sabaha ilisikika. "Nawaomba kama mtu anayeomba maji. Msiipige. Nipeni nafasi niikaushe, nitaileta hapo hapo muisikilize mpaka mchoke. Mkiipiga leo mtaisikia mara moja, na mtakuwa wa mwisho duniani."

Wazee wakatazamana. Mmoja, mjomba wao kutoka Rombo, akasema polepole kwamba huyo mtoto anaongea kwa adabu. Pengine hapo ndipo jambo lingeweza kugeuka. Lakini Violeth akainua kichwa.

"Na wewe, mwanangu, kwa kila wimbo unapata asilimia ngapi?"

"Napata kidogo, mama, ndiyo kazi yangu, lakini..."

"Asante, tumekusikia," Benedict alisema. Watu wakacheka, kicheko cha watu waliomkamata mwizi bila kukimbia. Candida akabaki ameinua simu iliyokwisha kukatwa.

Kisha Benedict akakumbuka jambo. "Simu. Wazee, naomba simu zote. Mtu akirekodi hapa, kesho wimbo uko kwenye simu za Kariakoo nzima, na wazungu watasema wa nini, mbona tunao. Siwashuku, ni utaratibu."

Violeth akapita na beseni jekundu kutoka dukani. Simu zikaangukia humo, moja baada ya nyingine, kama sadaka ya Jumapili. Candida alipofikiwa hakuitoa. Alisimama, akaenda mpaka kwenye meza, akaweka kiganja juu ya kanda ambayo Sadalla alikuwa amekwisha kuifunga kwenye mashine.

"Haipigwi," alisema.

Hakuna aliyempigia kelele. Ingekuwa afadhali. Violeth alimsogelea, akamshika kiwiko kwa upole kabisa.

"Wifi, kaa chini. Kaka angekuwa na mtoto, angesimama mtoto. Hamkumpata. Basi tumesimama sisi."

Sebule ikainamisha macho. Candida akaondoa kiganja juu ya kanda. Akatoa simu, akaitia kwenye beseni, akaketi.

Sadalla akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Kisha gitaa mbili zikikimbizana, besi ikazikuta, na Sadalla akafumba macho. Halafu Onesphory akaimba.

Ilikuwa sauti nyembamba kuliko Candida alivyotegemea. Sauti ya kijana, ya puani kidogo, yenye ile "r" ya milimani ambayo alikuwa akimtania nayo wakati wa uchumba. Mara moja akaikumbuka yote. Akaikumbuka ikiita kutoka uani, ikigombana na mwenye nyumba, ikimwambia sogea huko unanibana. *Nimetoka kutafuta, mama, usifunge mlango,* ilikuwa ikiimba, *mwenye njaa harudi mapema.* Violeth aliziba mdomo kwa kiganja. Mjomba wa Rombo akalia waziwazi, kama watu wazee wanavyolia, bila kujifuta. Kwa muda mfupi Candida alifikiri labda Sabaha alikosea, labda alikuwa na asilimia yake kweli, na Mungu amemhurumia.

Ubeti wa pili ukaanza kufifia. Ilikuwa kama mtu anayeimba huku anafunikwa blanketi, moja, kisha jingine. Ukaja mlio kama wa breki, mkali, watu wakashtuka. Sadalla akafumbua macho, akasimamisha. Akachovya kitambaa kwenye spiriti, akafuta pale kanda inapopita. Kitambaa kikatoka cha kahawia, kama kilichofuta viatu.

"Vumbi," alisema, lakini hakumtazama mtu.

"Kaka Sadalla, hilo siyo vumbi," Candida alisema.

Sadalla alikitazama kitambaa, akakikunja, akakifunua tena. "Bene. Tuache hapa. Kweli tuache."

"Majina yako mwisho," Benedict alisema. Alikuwa amesogea mpaka mezani, mikono imeegemea, shati limelowa kwapani. "Bado kidogo tu. Ipeleke mbele."

"Bene, inabanduka."

"Ipeleke mbele, mzee wangu! Kidogo tu!"

Na Sadalla, aliyekuwa mgeni kwenye kikao cha ukoo wa watu, akaipeleka mbele. Kanda ilikimbia ikitoa sauti ya plasta inayong'olewa kwenye kidonda. Kwenye beseni jekundu simu moja iliwaka, ikatetemeka juu ya nyingine. Candida aliijua. Jina la Sabaha lilikuwa likiwaka juu yake, likazima, likawaka tena.

Sadalla akabonyeza. Mvumo. Mlio. Kisha, mbali sana, kama kutoka chini ya kisima, *...na mdogo wangu...* na hapo breki ikalia, magurudumu yakakwama.

"Amesema!" Benedict akageuka kwa watu, uso umefunguka kama wa mtoto. "Mmesikia? Mdogo wangu! Irudishe, mzee. Jina linafuata."

"Mdogo wake ni mimi pia," Violeth alisema kwa sauti ndogo.

Ikarudishwa. Ikapigwa tena. Safari hii hata *mdogo wangu* haikuwemo. Ulikuwa mvumo mtupu, na unga mwembamba wa kahawia ukishuka juu ya kitambaa cha meza cheupe alichokitandika Violeth asubuhi kwa heshima ya marehemu.

Sadalla akazima mashine. Baadaye mtu mmoja alikohoa, akainuka kuchukua simu yake, na wengine wakamfuata, wakipekua beseni bila kutazamana. Violeth alikuwa bado ameshika kalamu.

"Niandike nini?" aliuliza.

Benedict aliinamia ule unga. Akaufagia kwa kiganja, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza.

"Andika ukoo umesikia," alisema.

* * *

Kesho yake hakuna aliyemzuia Candida kwenda Mchafukoge. Kabati la chuma lilikuwa wazi, kanda juu ya kaunta, na Benedict akajifanya anahesabu vifuniko.

Sabaha hakumlaumu. Alivuta kipande cha kanda, akakiinua dirishani, na Candida akaona mtaa wa upande wa pili kupitia humo: nguzo ya umeme, mwanamke akianika nguo. Ilikuwa plastiki tupu.

"Ule wa kwanza umekwisha," Sabaha alisema. "Nusu umebaki kwenye mashine ya mzee, nusu kwenye meza yenu. Lakini hawakufika wimbo wa pili. Ule wa saksafoni. Uko ndani zaidi, huko kanda bado ni nzima."

"Haimbi huko."

"Haimbi. Lakini anapuliza, mama. Kampuni inatoa santuri ya bendi mbalimbali, nitawaomba wauingize. Watataka kanda yenyewe na kila nakala niliyonayo, mkataba wao ni mkali. Shemeji yako atatia saini?"

Benedict alitia saini bila kusoma. Alisaini kama mwenyekiti wa ukoo.

* * *

Santuri zilifika mvua za vuli zilipokuwa zimekwisha kuanza. Benedict alipewa mbili. Moja aliitundika dukani juu ya majagi, ndani ya mfuko wa nailoni isishike vumbi, na wateja walipouliza aliwaambia huyo ni kaka yake, na kwamba humo ndani amemtaja kwa jina. Alimwita hata yule mwenye duka wa Mtaa wa Swahili, akamwonyesha. Na kwa kuwa hakuna mwenye gramafoni, hakuna aliyembishia.

Candida alipita chini yake kila siku akienda sokoni, wala hakusema kitu. Siku Sabaha alipompigia simu aje asikilize, alivaa gauni lake la kanisani.

Sabaha alimkalisha kwenye kiti kizuri. Akaipangusa santuri kwa brashi laini, akaiweka, akaonyesha kwa kidole ule mfereji mpana kidogo unaotenganisha nyimbo. "Wako ni huu, wa tatu upande wa pili." Akashusha sindano.

Candida akafumba macho. Alikuwa amekuja kwa jambo moja, ambalo hakumwambia mtu. Onesphory alipopuliza saksafoni, kabla ya kila mkupuo alivuta hewa kwa meno, kwa nguvu, kama mtu aliyeungua chai. Jirani walikuwa wakimcheka. Yeye Candida alikuwa akigombana naye, unavuta kama mbuzi mwenye pumu, mwenzako Sadalla mbona hasikiki. Ile hewa ilipita koo lile lile, meno yale yale. Kama sauti imekwenda, hiyo ilikuwa bado ipo.

Gitaa zikaanza. Besi ya Sadalla ikaingia. Candida akajiinamia mbele. Saksafoni ikaja moja kwa moja, safi, nyororo, kama imetoka kwenye bomba. Ikakatika, ikaja tena. Kati ya mkupuo na mkupuo palikuwa kimya, kimya kisafi kama chumba kilichohamwa.

Aliingoja ile hewa mpaka wimbo ukaisha.

"Kabla hajapuliza," alisema, "hapakuwa na kitu?"

Uso wa Sabaha ukang'aa. "Umegundua? Wewe una masikio, mama! Palikuwa na mhemo kabla ya kila mstari, sss, sss, wimbo mzima. Kampuni walisema utawaudhi wasikilizaji. Nimeufuta mmoja mmoja kwa mkono. Hiyo ndiyo kazi iliyonichukua muda kuliko zote." Akagusa ukingo wa santuri kwa fahari. "Kule kiwandani walinisifu sana. Walisema hawajawahi kupokea kanda ya Afrika iliyo safi namna hii."

"Na ile ya kabla hujaisafisha?"

"Imekwenda na kanda, kwenye ghala lao. Mkataba. Sikubaki na kitu, mama." Kisha, kwa wasiwasi kidogo, "Kwani hukuipenda?"

Candida alimtazama huyu binti wa watu, pekee aliyekuwa ameuomba ukoo kama anayeomba maji. Akaona macho yake mekundu ya kazi.

"Ni nzuri, mwanangu," alisema. "Umefanya vizuri sana. Rudia."

Sabaha, akidhani mama ameupenda wimbo, akainua sindano, akairudisha mwanzo. Candida akasogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, akalaza sikio karibu na spika. Wimbo ni mrefu, na mkono wa mtu huchoka. Huenda mhemo mmoja ulimpita Sabaha.